Wenyeviti Si Wenye Viti

Katika kanisa ninaloabudu hapa Juba, watu wengi huja na viti vyao vya plastiki kutoka nyumbani, kwa sababu mabenchi hayatoshi. Jumapili moja kulikuwa na mkutano wa vikundi vyote baada ya ibada: kina mama, vijana, kwaya na wazee. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wa waumini wa ibada ile waliwahi kuishi Kenya au Uganda wakati wa vita. Lilisema hivi: "Wenye viti wote wakae mbele."

Mama mmoja jirani yetu alisimama mbele ya karatasi ile akaisoma polepole, kidole kikifuata herufi. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kambini Kakuma, na anajivunia jambo hilo kuliko mambo mengi. Alipomaliza kusoma alikibeba kiti chake cha bluu, akapita katikati ya watu, akakaa mstari wa kwanza. Wengine watatu wanne wakamfuata na viti vyao. Mhudumu akaja akawaambia kwa Kiarabu cha Juba warudi nyuma, maana mbele ni mahali pa viongozi wa vikundi. Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mama bado hajajua kusoma." Yule mama akakibeba kiti chake akarudi nyuma, macho chini.

Mimi sikucheka, kwa sababu tangazo lile niliandika mimi.

Mama alisoma sawasawa kabisa. Karatasi ilisema wenye viti, naye alikuwa na kiti. Aliyekosea ni mwandishi, lakini aliyechekwa ni msomaji. Tangu siku ile nimeshikilia msimamo mmoja ambao nautetea katika insha hii: nomino ambatani za Kiswahili ziandikwe kama neno moja, na zikikatwa mwishoni mwa mstari zikatwe kwa kufuata silabi na viungo vya neno lenyewe. Tabia ya kuzipasua vipande, ambayo inaenea katika matangazo, vipeperushi na hata madaftari yetu hapa Juba, si msaada kwa mtu yeyote. Inamnyang'anya msomaji mgeni kitu ambacho alikuwa anakihitaji kuliko sisi.

Nieleze kwanza kwa haki hoja ya upande wa pili, maana niliwahi kuiamini. Katika semina moja ya uandishi mkufunzi alituambia kwamba watu wa Juba wanatishwa na maneno marefu. Akasema tuyavunjevunje: mwana funzi, mwana chama, mwenye kiti, mjasiria mali. Kwa maoni yake neno fupi husomeka upesi, na Kiswahili ni lugha rahisi inayoandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo nafasi mbili tatu za ziada haziharibu kitu. Nilipokuwa nikiandika lile tangazo, sauti yake ilikuwa sikioni mwangu. Nilidhani ninawahurumia wasomaji.

Basi tuanze na hilo la kuandika kama inavyotamkwa. Ni kweli kwa herufi. Si kweli kwa nafasi kati ya maneno, kwa sababu nafasi haisikiki. Tunaposema "wanafunzi wamefika" hatusimami popote kati ya mwanzo na mwisho. Anayejua mahali neno linapoishia analijua kwa sarufi na kwa maana, si kwa sikio peke yake. Kwa hiyo anayeandika lazima aijue miundo ya maneno, na akishindwa kuijua, msomaji ndiye anayelipa.

Tazama neno wanawake. Likiandikwa pamoja ni wingi wa mwanamke. Likiandikwa "wana wake", linaweza kuwa watoto wa mtu fulani, au linaweza kuwa sentensi nzima: wanao wake, yaani wameoa. Hebu fikiria kipeperushi cha zahanati kinachosema "wana wake wapewe vyandarua." Wake wa nani? Wana wa nani? Sisi tuliozoea lugha tunakisia na kuendelea. Yule anayesoma kwa kidole hakisii, anaamini kilichoandikwa. Na hiyo ndiyo maana ya kusoma.

Mtu atasema kwamba muktadha utasaidia. Muktadha ulikuwepo kanisani siku ile, na haukusaidia. Kulikuwa na viti, kulikuwa na wenye viti, na karatasi iliwataja.

Sasa tuingie katika sarufi, kwa sababu msimamo huu hausimami kwa huruma tu. Yapo majaribio matatu rahisi ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyafanya bila kufungua kamusi.

Jaribio la kwanza ni la maana. Mwanasheria si mtoto wa sheria, na mwanajeshi si mtoto wa jeshi. Sehemu mbili zimeungana zikazaa maana ya tatu. Mwenyekiti anaweza kuongoza mkutano akiwa amesimama chini ya mwembe bila kiti chochote, na bado ni mwenyekiti.

Jaribio la pili ni la kuingiza kitu katikati. Naweza kusema "mwenye kile kiti" au "mwenye viti vingi", nikimzungumzia mtu na samani zake. Siwezi kuingiza neno katikati ya mwenyekiti nikabaki na maana ya kiongozi. Vivyo hivyo nasema "mwanafunzi mzuri". Siwezi kusema "mwana mzuri funzi". Mlango umefungwa. Na kitu kilichofungwa namna hiyo ni neno moja.

Jaribio la tatu ni la upatanisho wa kisarufi. Nasema "mwenye nyumba hii", na hii inaifuata nyumba. Lakini siwezi kusema "mwenyekiti hiki". Nitasema "mwenyekiti huyu". Kiti ndani ya neno lile kimepoteza haki ya kuamuru ngeli. Ndiyo maana mwenye nyumba huandikwa mbali mbali na mwenyekiti huandikwa pamoja, na tofauti hiyo si ubishi wa walimu. Inatokana na lugha yenyewe.

Wapo wanaonijibu kwa kutumia wingi. Wanasema: kama mwenyekiti ni neno moja, mbona wingi wake ni wenyeviti, sehemu zote mbili zikibadilika? Mbona mwanamke huwa wanawake? Je, si ushahidi kwamba ni maneno mawili? Hapana. Mwanachama huwa wanachama, na chama hakibadiliki kuwa vyama. Mwanakijiji huwa wanakijiji, na kijiji kinabaki kimoja hata wakiwa elfu. Mwanamume huwa wanaume, na hapo sehemu ya pili imefupishwa kiasi kwamba huwezi kuitoa nje ukaitumia peke yake bila kuwachekesha watu. Kila nomino ambatani ina njia yake ya kwenda kwenye wingi, na mwanafunzi hujifunza njia hiyo pamoja na neno zima. Ukimpasulia neno, umemwachia vipande viwili na umemficha njia.

Jambo la silabi linanigusa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wa Juba wanapodharauliwa bila kujua. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Mwanafunzi ni mwa-na-fu-nzi, silabi nne, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani fu. Ni mkazo mkuu mmoja kwa neno moja. Ukiandika mwana funzi, msomaji mgeni atatia mkazo mara mbili, mwa kisha fu, na atasimama katikati akisubiri kujua funzi ni nini. Funzi peke yake halisimami. Hakuna anayesema nimemwona funzi akipita.

Kisha kuna ile m ya mke. Katika mke, m inasimama kama silabi kamili, m-ke, na mkazo uko juu yake. Inabaki hivyo ndani ya mwanamke: mwa-na-m-ke. Lakini m ya mbuzi si silabi. Ni mbu-zi, kwa sababu m na b zimeshikana zikafungua silabi pamoja. Kwa hiyo hata m ileile ina kazi mbili, na msomaji anahitaji kuliona neno zima ili ajue ni kazi ipi. Walimu wanaosema Kiswahili hakina kanuni za silabi wamekisikia Kiswahili, lakini hawajakitazama.

Naongeza kwamba si kila silabi huishia kwa irabu. Labda ni lab-da na daftari ni daf-ta-ri, maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu na kuja na silabi zake zilizofungwa. Hapo mtoto wa Juba yuko mbele ya wengi, kwa sababu Kiarabu cha Juba amekinywa na maziwa.

Hiyo inanileta kwenye kile kisingizio cha kwamba maneno marefu yanatutisha. Mkufunzi wetu alikuwa na picha ya msomaji wa Juba kichwani, na picha hiyo haikuwa yetu. Ni kweli kwamba Kidinka kina maneno mengi ya silabi moja, tena yanayoishia kwa konsonanti: raan ni mtu, weng ni ng'ombe, tik ni mwanamke. Rafiki zangu Wadinka walipoanza Kiswahili walikuwa wakizifunga silabi, wakitaka kila neno liishe upesi. Lakini Kidinka hichohicho hubadilisha sauti za ndani ya neno ili kutoka umoja kwenda wingi. Mtu aliyezoea neno linalogeuka tumboni mwake hashangai mwenyekiti anapogeuka kuwa wenyeviti. Analipokea kuliko mtu aliyezoea kubandika herufi moja mwishoni kama Waingereza.

Na Kiarabu cha Juba huunganisha majina mawili kwa neno ta: beit ta Deng, nyumba ya Deng. Basi mwanafunzi akikutana na vipande viwili vilivyoachwa mbali mbali, mkono wake unatafuta ta ya kuvishikanisha. Nimesikia darasani "mwana ya nchi" na "mwana wa funzi". Makosa hayo hayatokani na ujinga. Mtu ameona maneno mawili karatasini na akafanya kile ambacho lugha yake humfundisha kufanya na maneno mawili. Tungemwandikia mwananchi kwa ukamilifu wake, asingekuwa na ufa wa kuziba.

Neno hilo, mwananchi, si neno dogo kwetu. Nchi yetu ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011. Wengi wa rika langu tulikuwa nje wakati huo, na tuliporudi tuliulizwa na majirani kama kweli sisi ni wa hapa. Siwezi kulitazama neno mwananchi likiwa limekatwa vipande nikasema ni jambo la nafasi tu.

Ili msidhani ni ugomvi wa Waswahili peke yao, nitawapeleka Norway kwa dakika moja. Norway inajulikana hapa. Pamoja na Marekani na Uingereza ilisimamia kwa karibu mazungumzo yaliyoleta mkataba wa amani wa 2005. Lugha ya Kinorwe huunganisha nomino bila aibu: barn ni mtoto, hage ni bustani, na barnehage ni shule ya chekechea. Wanorwe wana neno maalumu la kosa la kuyatenganisha maneno yanayopaswa kuungana, nao hulipigia kelele sana. Mfano wao maarufu ni huu: røykfritt, likiandikwa pamoja, maana yake ni mahali pasipovutwa sigara. Likiandikwa røyk fritt, linakuwa amri: vuta sigara kwa uhuru. Nafasi moja imegeuza katazo kuwa ruhusa. Wengi wao wanailaumu tabia ya Kiingereza, ambacho huandika nomino nyingi za aina hiyo mbali mbali. Kwao na kwetu ugonjwa ni mmoja: karatasi inafikiriwa kwa Kiingereza kwanza, halafu inavalishwa maneno ya wenyeji.

Wanorwe wana kanuni nyingine ambayo tungeiazima kesho asubuhi. Neno ambatani likilazimika kukatwa mwishoni mwa mstari, hukatwa kwanza kwenye kiungo, pale sehemu mbili zilipokutana. Sisi tunaiachia kompyuta, na kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kiingereza. Nimeona kwenye karatasi zilizochapwa hapa mjini "mwanaf-unzi" na "wenyev-iti", herufi moja ya konsonanti ikiwa imening'inia mwishoni mwa mstari kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kistari cha mwisho wa mstari ni ahadi kwa msomaji kwamba neno linaendelea chini. Ahadi hiyo iwekwe mahali pa kupumulia: mwana-funzi, wenye-viti, mwana-sheria. Na kama kiungo kiko mbali, basi ikatwe baada ya irabu, ili kila upande uwe na silabi kamili: nyu-mba, si nyum-ba, ki-nywa, si kin-ywa. Anayechapa anaweza kuizima ile huduma ya kukata maneno kwa kubofya mara mbili tu.

Nakiri kwamba si kila neno limeshakubaliwa. Utaona mpiga kura na mpigakura, gari moshi na garimoshi, kipaza sauti na kipazasauti, na wote walioandika ni watu makini. Biblia ya Union Version ya 1952, ambayo wengi wetu tunaisoma, hupita njia ya kati kwa kistari: Mwana-kondoo. Kiswahili kimekuwa na kamati za kukisanifisha tangu 1930 na bado kuna mipaka inayobishaniwa. Lakini mpaka unaobishaniwa hauna maana kwamba hakuna nchi pande zote mbili. Hakuna ubishi kuhusu mwanafunzi, mwanamke, mwananchi na mwenyekiti. Tuanze na hayo. Kwa yaliyobaki, tufanye yale majaribio matatu, tuchague umbo moja, na tulishike kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anayechanganya maumbo mawili katika karatasi moja humchosha msomaji kuliko anayekosea kwa uthabiti.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini nahangaika, ilhali katika mji huu hata soko letu kubwa limeandikwa Konyokonyo, Konyo Konyo na Konyo-Konyo, na hakuna aliyepotea njia. Nilimjibu kwamba hakuna aliyepotea kwa sababu kila mtu analijua soko. Hata bodaboda asiyejua kusoma atakufikisha. Tangazo si soko. Anayelisoma ana karatasi tu mkononi, na kama karatasi inamdanganya hana wa kumuuliza.

Sudan Kusini ilitia saini ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2016, na tangu hapo tumeahidiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kinakuja mashuleni. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunaimba na kupiga picha. Sawa. Lakini lugha haiingii nchini kwa hotuba. Inaingia kwa tangazo la mlangoni, kwa karatasi ya dawa, kwa ubao wa darasani, na wengi wa watakaoandika vitu hivyo ni sisi tunaosoma Kiswahili leo. Tukianza kwa kuwapa watu vipande kwa sababu tunadhani hawawezi kula mlo mzima, tutakuwa tumejenga Kiswahili cha pili kwa ajili ya watu tunaowaona wa daraja la pili.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Nilimwonyesha maneno mawili kwenye daftari, wenye viti juu na wenyeviti chini, nikamweleza tofauti. Aliyatazama kwa muda, akaweka kidole kwenye lile la chini, akasoma silabi kwa silabi mpaka mwisho bila kukwama: we-nye-vi-ti. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama neno lilikuwa hili, kwa nini uliniandikia lile?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Jibu langu ni insha hii.